Shangazi, mume wangu jioni anakuwa mtu mwingine, ukweni wanasema karogwa

Shangazi shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, huwa nasoma tu napita, ila leo nimeona niandike maana nikiendelea kukaa kimya ntapasuka. Jina langu naomba ulifiche. Nipo Dodoma hapa Nkuhungu, nina miaka 39, watoto watatu, nauza vitenge soko la Majengo. Mume wangu ana 48, ni dereva wa Fuso, anapakia mahindi na alizeti Kibaigwa anashusha Dar, anaweza kukaa njiani siku mbili tatu akirudi analala kutwa.

Sasa huyu baba nilimjua mpole, yani mtu hata kuku akiingia sebuleni anamtoa kwa kumbembeleza. Toka mwaka juzi kabadilika. Anasahau mno, atakuuliza ada ya mtoto tumelipa, unamjibu, baada ya lisaa anauliza tena na ukimkumbusha kwamba ushamjibu anawaka. Funguo za gari tulizitafuta asubuhi nzima zikakutwa kwenye ndoo ya mchele. Halafu hasira, shangazi, hasa jioni.

Kuna siku moja ndo imenifanya nikuandikie. Alirudi kama saa kumi na mbili jioni, hajala toka asubuhi ila kapitia bia mbili na wenzake, akaanza kunitukana matusi ambayo mdomoni kwake sijawahi kuyasikia, anatetemeka, jasho shati lote limelowa wakati nje kuna upepo wetu ule wa mwezi wa saba unaojua mwenyewe, anakutazama kama hakujui, akawa anamwita mwanangu mkubwa kwa jina la marehemu kaka yake. Mtoto wetu wa mwisho akakimbilia kwa jirani. Mdogo wangu akamshika akamkalisha chini, mwanangu wa kati alikuwa na soda yake mkononi akampa baba yake, akainywa yote. Haikupita muda, kama robo saa hivi, akatulia kabisa akatuuliza "mbona mnaniangalia hivo?" Hakumbuki kitu! Hata tusi moja!

Ukweni waliposikia wakasema si ndo hayo, kashatupiwa kitu, kuna mtu ana kijicho na Fuso (Fuso yenyewe ya mkopo shangazi, hatujamaliza). Mama mkwe kaja toka Mpwapwa, yupo hapa kwangu, anataka tumpeleke kwa mtaalamu huko kwao na wameshaanza kuchanga hela. Mdogo wangu yeye anasema twende Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Mume wangu kusikia Mirembe alinyanyuka akasema "mnataka kunitangaza kichaa mji mzima", akaninunia siku kadhaa.

Nikuambie na afya yake japo sijui kama inahusiana. Ana presha na sukari, alikutwa nazo miaka mitatu iliyopita. Dawa za presha kaziacha, kijiweni walimwambia zinamaliza nguvu za kiume, na kweli huko nako siku hizi hali sio nzuri. Za sukari zipo za aina mbili, kidonge kikubwa cheupe na kingine kidogo, anakunywa akijisikia vibaya tu, akijisikia vibaya sana anameza viwili viwili kwa mpigo. Safarini anakunywa enaji ili asisinzie. Usiku anakoroma mpaka chumba cha watoto wanasikia, mara anakata, kimya, pumzi hakuna, nabaki nimemtolea macho gizani, ndo anashtuka kwa nguvu kama mtu aliyekuwa anazama. Asubuhi anaamka kichwa kinamuuma.

Na mwezi uliopita tukiwa tumelala aliniambia "bora siku moja nisirudi tu, mpumzike". Niliishiwa maneno nikajifanya nimelala.

Nifanyeje shangazi? Ni akili, ni kurogwa, au uzee umemuwahi?

Mama wa watatu, Nkuhungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Na umefanya vizuri kuandika hata yale uliyodhani hayahusiani maana humo humo ndo nilipoona mambo.

Nianze na soda. Ukweni wanatafuta mchawi, mdogo wako anatafuta gari la Mirembe, na mtoto wa kati keshatibu mtu na hajui. Uchawi gani huo unaondoka kwa soda ndani ya robo saa? Jasho wakati kuna baridi, kutetemeka, matusi, hamjui mwanae, halafu anarudi mwenyewe na hakumbuki kitu, kwa mtu anayemeza dawa za sukari jambo la kwanza kuliwaza ni sukari kushuka. Nimesema kushuka. Watu wengi wakisikia mgonjwa wa sukari wanajua hatari ni kupanda tu, wanamficha hata kijiko cha sukari, kumbe kushuka ndo kunaweza kumwangusha mtu pale pale alipo.

Ubongo kwa uzito ni kama asilimia 2 tu ya mwili ila unakula karibu moja ya tano ya nguvu yote mwili unayotumia, na chakula chake kikubwa ni sukari iliyoko kwenye damu, wenyewe hauna akiba ya maana. Sukari ikishuka chini ya 4 kwenye kile kipimo chetu cha kutoboa kidole, mwili unapiga kelele kwanza, ndo hilo jasho na mtetemeko na moyo kwenda mbio, ikizidi kushuka ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula na hapo mtu anakuwa mkali, anachanganya majina, anaongea kama kalewa, akiachwa hivo hivo anazimia au anapata degedege. Mi nimefanya kazi wodini zamani, tulikuwa tunaletewa watu wamefungwa kamba mikono wanasemekana wamepandisha mashetani, ukimtoboa kidole unakuta sukari iko chini.

Sasa iangalie siku yake ile. Kidonge kidogo nina wasiwasi ni glibenklamaidi au mojawapo ya ndugu zake, kazi ya hicho ni kulilazimisha kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, na hakiulizi kama umekula au hujala. Kile kikubwa cheupe yawezekana ni metformini, hicho kikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka huko. Ye anameza viwili viwili, hajala toka asubuhi, na juu yake kaweka bia mbili. Ini ndo huwa linatoa sukari ya akiba ukishinda njaa, pombe ikiingia linahangaika na pombe na ile kazi nyingine inasimama. Kwa hali hiyo hata mimi ningekutukana.

Ila sijampima, nimesoma barua tu. Kwa hiyo nunua au azima kile kipimo, famasi zinauza, na akianza tena mambo yale mpime hapo hapo uandike namba na saa. Ikiwa chini ya 4, au kipimo hakipo na dalili ni zile zile, mpe soda ya kawaida yenye sukari nusu chupa (zile zisizo na sukari hazisaidii kitu) au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda apewe chakula chenyewe, ugali au mkate. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, mlaze ubavu mtafute gari muende hospitali. Na hata akizinduka, kama chanzo ni hicho kidonge kidogo bado apelekwe akaonwe, maana kinakaa mwilini masaa mengi na sukari inaweza kushuka tena usiku mmelala.

Hadi akaonwe na daktari asiendeshe. Najua mkopo wa Fuso, najua, ila fikiria ile hali uliyoiona sebuleni imkute kwenye mteremko na tani za mahindi nyuma. Atafute deiwaka wa kumshikia gari kwa wiki hizi. Na akirudi barabarani huko mbeleni, tingo wake ajue hizi dalili na ndani ya gari pasikosekane sukari.

Kuna hili lingine ambalo ungenipigia simu ningekuambia kabla hata ya soda, maneno yake ya kitandani. "Bora nisirudi mpumzike." Usijifanye umelala tena. Subiri mko wawili, katulia, kala, muulize kwa lugha ya wazi kabisa, baba fulani, una mawazo ya kujiua? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utakuwa umemfundisha, hapana, ukiuliza unampa mtu mlango wa kutolea mzigo. Akikujibu ndiyo, au akikwepa kwa namna ambayo moyo wako unakataa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, mnaenda hospitali na haachwi peke yake. Na mnavyobeba mahindi nyie najua nyumbani au kwenye Fuso hakukosi vidonge vya kuhifadhia mazao na sumu za wadudu, viondoe leo, vipeleke mbali na asivijue vilipo.

Inawezekana ana sonona mwanangu, ule ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa. Wanaume wetu sonona haiwatoki kwa machozi, inawatoka kwa hasira, kwa pombe, kwa kuchelewa kurudi, sisi tunasema kaota pembe. Na mtu mwenye kisukari yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata sonona kuliko asiye nacho, halafu mwenye sonona anaacha dawa, anakula ovyo, halali, sukari inaharibika zaidi, inazidisha sonona, wanazungushana hivo hivo. Ndo maana swali lako la ni akili au ni ugonjwa mi sikujibu upande mmoja. Akili haijapanga kwenye mwili kama mpangaji mwenye mlango wake na luku yake.

Usingizi. Kukoroma kunakokatika pumzi halafu anashtuka, kichwa asubuhi, kusinzia kwenye usukani mpaka anahitaji enaji, huo yawezekana ni ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini na unapimwa. Koo linajifunga, hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unamuamsha nusu ili asife na yeye hajui kwamba kaamka, inaweza kuwa mara nyingi sana kwa usiku mmoja. Kwa hiyo unayemwona kalala kutwa hajalala. Mtu wa hivo anasahau, ana hasira, presha haishuki hata kwa dawa. Bia za usiku zinalegeza koo zaidi. Alale ubavu, apunguze kitambi, pombe aiache, na daktari aambiwe kuhusu kukoroma hata kama ye mwenyewe anakataa, mrekodi kwa simu usiku mmoja, mwenyewe akisikia atashangaa. Enaji nayo inamnyima hata kale kausingizi kadogo na kumpandishia mapigo, dereva aliyechoka dawa yake ni kupaki alale.

Presha ndo inanikera. Kaacha dawa kwa maneno ya kijiweni! Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu haiumi, haiwashi, mtu anaendesha nayo mpaka Dar na kurudi, na huku inakomaza na kuziba vile vimishipa vidogo vya ubongo, sehemu moja inakosa damu leo, nyingine mwakani, hakuna aliyeona kiharusi ila mtu anaanza kuwa mzito wa kufikiri na kupoteza funguo. Wanasayansi walioandika ripoti kwenye jarida la The Lancet mwaka 2024 walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambayo yanaweza kurekebishwa, wakakadiria yote yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha ya utu uzima imo, kisukari kimo, kolesteroli, unene, sigara, pombe kupita kiasi, kukaa bila mazoezi, sonona, hata kutosikia vizuri na kutoona vizuri vimo. Mumeo hapo mhesabie mwenyewe.

Ila usikimbilie kusema uzee, 48 sio uzee. Kusahau kwake kunaweza kuwa kunatoka kwenye huo usingizi, sukari inayopanda na kushuka, sonona, na kuna kimoja watu hawakijui, metformini ikitumika miaka inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini na upungufu wake unaleta kusahau na ganzi miguuni. Hivi vingi vinarekebishika. Mwambieni daktari aangalie na B12, na tezi ya shingo pia, na figo.

Nguvu za kiume. Waambie wa kijiweni kwamba sukari isiyotulia na presha isiyotulia ndo vinara wa kuharibu hiyo kitu, zinaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na huko chini mishipa yake ni midogo inaumia mapema. Ni kweli zipo dawa za presha zinazoweza kuleta shida hiyo, sasa dawa za presha ziko aina chungu nzima, mtu anamwambia daktari hii imenisumbua anabadilishiwa. Hili pengine ndo litakalomtoa nyumbani kwenda kupima kuliko hotuba yoyote utakayompa kuhusu ubongo, litumie bila aibu.

Mirembe. Pale pamekuwepo toka enzi za Mwingereza na sisi Watanzania tumepageuza tusi, mtoto akifanya utundu unasikia utapelekwa Mirembe. Watu wanaingia pale asubuhi wanaonana na daktari wanaondoka na dawa zao mchana kazini, mfanyakazi mwenzio anaweza kuwa mmojawapo usijue. Ila kwa mumeo mi ningeanza hospitali ya kawaida, Jenerali pale au Benjamin Mkapa kule UDOM, kliniki ya sukari na presha, kwa sababu mwili wake unahitaji kupimwa kwanza na kule kule wakiona sonona wanajua pa kumpeleka. Akipelekwa Mirembe baadae atakuwa anaenda na vipimo mkononi. Lakini kama jibu lake la lile swali ni ndiyo, hakuna cha kuanzia wapi, popote palipo karibu.

Namna ya kumpata: usimwambie unaumwa akili. Mwambie sukari yako ilishuka siku ile, ndo maana hukumbuki, twende wakubadilishie dawa. Hiyo ni habari njema kwa mwanaume aliyekuwa anajiona anaanza kuwa kichaa na hana wa kumuuliza. Nenda nae, na wewe upimwe presha hapo hapo, kulala macho usiku kumsikilizia mtu pumzi nako kuna gharama yake. Beba vidonge vyote na makaratasi yake. Asiache dawa za sukari kienyeji kwa sababu ya haya niliyoandika, na hicho kidonge kidogo asikimeze bila kula wala asimeze viwili kwa mpigo, aende kesho au keshokutwa wamuamulie. Ukiona mdomo umeenda upande, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, hapo ni kiharusi, hamsubiri kesho.

Chakula sitaki kukuchosha. Safarini anakula chipsi na nyama ya kuchoma na chumvi ya kuongezea pembeni, mfungie chakula cha nyumbani akiwa anaondoka. Ugali wa uwele au mtama na mlenda ni chakula kizuri sana ila uwe wa kiasi, sio mlima, hata uwele ni wanga. Maharage, mboga, karanga kidogo, chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku vyote kwa pamoja. Na atembee, dakika 30 siku tano za wiki, hapo hapo Nkuhungu kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali hakuna atakayemcheka.

Mama mkwe usigombane nae. Anampenda mwanae na anaogopa, uchungu wa mama. Mwambie hela zilizochangwa zikalipie vipimo kwanza na glukomita, kile kipimo cha kutoboa kidole, mtaalamu wa Mpwapwa hatahama. Halafu mpe kazi, yeye ndo wa kuhakikisha mwanae kala kabla ya kumeza kidonge, mama wa Kigogo akishika zamu ya chakula hakuna atakayetoka hapo na njaa. Na kama anataka kuombea, aombee huku mko kwenye foleni ya kliniki.

Ukishapata majibu niandikie, weka na majina ya dawa walizompa na zile namba ulizoandika.